Kipimo cha kugeuza: kubishana siasa bila kuleta ligi

Mwambie mtu, "Hebu weka ushabiki pembeni, usome kwa haki," kisha mpe ripoti inayogusa siasa. Ataisoma kwa ushabiki uleule. Wala hadanganyi, anaamini kabisa kwamba ametenda haki. Jambo hili limepimwa, na namna lilivyopimwa ndiyo msingi wa karibu kila ninachokiandika hapa.

Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua wanafunzi 48: 24 wanaounga mkono adhabu ya kifo na 24 wanaoipinga. Kila mmoja alipewa tafiti mbili kuhusu kama adhabu hiyo inapunguza mauaji. Zote mbili zilikuwa za kutunga. Moja ililinganisha majimbo 14 ya Marekani kabla na baada ya kuanza kutumia adhabu hiyo. Nyingine ililinganisha jozi 10 za majimbo jirani, moja lina adhabu hiyo na jingine halina. Ujanja ulikuwa hapa: baadhi waliambiwa mbinu ya kwanza ndiyo iliyoonyesha kwamba adhabu inasaidia na ya pili ikaonyesha haisaidii, na wengine wakaambiwa kinyume chake. Mbinu ni ileile, kilichobadilika ni jibu tu.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila upande uliusifu utafiti uliokubaliana nao na kuuchambua ule mwingine mpaka mfupa. Kasoro walizozitaja zilikuwa za kweli, isipokuwa waliziona pale tu jibu lilipowachukiza. Mwisho wa yote, baada ya kusoma ushahidi uleule mchanganyiko, pande zote mbili zilisema zimezidi kuamini zilichokuwa zikiamini tangu mwanzo.

Sasa njoo mwaka 1984. Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walirudia jaribio hilo kwa maelekezo mawili tofauti. Kundi moja liliambiwa lipime bila upendeleo, kama hakimu. Halikubadilika hata chembe. Kundi jingine liliambiwa hivi: katika kila hatua, jiulize kama ungetoa alama zilezile endapo utafiti huuhuu, kwa mbinu hiihii, ungeleta jibu la upande wa pili. Kundi hili halikuonyesha tena upendeleo ule.

Ndiyo maana sina imani na mawaidha ya "tuwe na fikra huru". Uwazi wa fikra si moyo mwema, ni kitendo, na kitendo kina hatua zake.

Hatua zenyewe ni hizi. Takwimu au ripoti ya siasa ikikufikia, soma kwanza walichofanya kabla ya walichopata: walihesabu nini, kwa watu gani, kwa muda gani, wakalinganisha na nini. Funika hitimisho kwa mkono ikibidi. Andika sentensi moja tu: kazi hii naipa uzito kiasi fulani kwa sababu fulani. Ndipo usome jibu. Kama jibu umeshaliona, na mara nyingi utakuwa umeshaliona kwa sababu ndilo linalowekwa kwenye kichwa cha habari, basi geuza. Andika upya sentensi ile kuu, weka "imeongezeka" palipo na "imepungua", badilisha jina la chama, na kingine chochote usikiguse. Ungeanza kuuliza ni nani aliyelipia utafiti? Basi uliza sasa. Ungesema watu waliohojiwa ni wachache? Basi ni wachache hata leo wanapokupendeza.

Kipimo hiki huharibika kwa njia zinazojirudia. Ya kwanza ni kugeuza nusu. Mtu anabadilisha jina la chama lakini papo hapo anaongeza, "Ila wale wangelifanya kwa nia mbaya." Nia hiyo haikuwemo kwenye ripoti, imeletwa kutoka mfukoni. Ya pili ni kukifanya fimbo: "Ingekuwa chama chako ungesemaje?" Swali ni halali, lakini ukimuuliza mwenzako mbele ya watu umeshaleta ligi, na atajibu kama anayeshambuliwa. Kipimo hiki ni cha kujipima wewe. Nyani haoni kundule, na hakuna nyani aliyewahi kuliona kwa kuonyeshwa na mwenzake kwa kelele. Ya tatu, ambayo naiona kwa watu makini zaidi, ni kutoka hapo na hitimisho kwamba "basi wote ni walewale." Hapana. Kugeuza hakusemi pande mbili zina uzito sawa, kunasema zipimwe kwa mizani moja. Ukishapima, upande mmoja unaweza kutoka mzito mara kumi, na hapo huna sababu ya kujifanya uko katikati.

Nembo ya chama ina nguvu kuliko tunavyokubali. Geoffrey Cohen alionyesha mwaka 2003 kwamba wanafunzi wa Marekani waliosoma sera ya misaada ya serikali waliiunga mkono au kuipinga kwa kufuata chama walichoambiwa kinaitaka, hata pale sera yenyewe ilipokwenda kinyume na itikadi yao. Walipoulizwa, walisema wamefuata yaliyomo kwenye sera. Dawa yake ni rahisi: mnapojadili pendekezo, nakili maandishi yake kwenye karatasi tupu, ondoa jina la aliyelileta, na kila mtu aandike maoni yake kabla hajasikia ni la nani.

Nije kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka hata wasipokuwa mashabiki. Tazama mfano huu. Dawa mpya ya kupaka imejaribiwa kwa watu wenye vipele. Kati ya waliopaka, 223 walipata nafuu na 75 walizidiwa. Kati ya wasiopaka, 107 walipata nafuu na 21 walizidiwa. Je, dawa inasaidia?

Jicho linakimbilia 223. Ni kubwa kuliko 75, ni kubwa kuliko 107, basi dawa ni nzuri. Lakini hesabu sawasawa. Waliopaka ni 298 kwa jumla, na 223 kati yao ni kama asilimia 75. Wasiopaka ni 128, na 107 kati yao ni kama asilimia 84. Wasiopaka ndio waliopata nafuu zaidi.

Namba hizi zilitumiwa na Dan Kahan na wenzake mwaka 2013. Walizichukua zilivyo, wakabadilisha maneno tu: badala ya dawa wakaweka marufuku ya kubeba bastola kwa kificho mijini, badala ya vipele wakaweka uhalifu. Mara moja hata watu wanaojua hesabu wakawa wanaipata pale jibu lilipokuwa tamu kwa upande wao, na kuikosa lilipokuwa chungu. Dai lao la pili, kwamba kadiri mtu anavyojua hesabu ndivyo anavyozidi kupotoshwa na siasa, halikusimama lilipopimwa upya kwa sampuli kubwa. Nalitaja kwa sababu bado linazungushwa huku na kule kama jambo lililokwisha.

Kanuni inayotoka hapo naishika bila masharti: hoja ya "hiki kimesababisha kile" inataka namba nne, siyo moja. Mtu akikuambia, "Tangu waingie madarakani viwanda 300 vimefunguliwa," umepewa namba moja. Zimebaki tatu: vingapi vimefungwa katika muda huohuo, vingapi vilifunguliwa katika muda kama huo kabla yao, na vingapi vilifungwa wakati huo. Ukizikosa zote tatu, ulichonacho ni tangazo. Na iulize kanuni hii hata pale tangazo linapokufurahisha, vinginevyo tumerudi Stanford 1979.

Lakini mabishano mengi hayakwami kwenye namba. Yanakwama kwa sababu watu wawili wanabishana juu ya vitu viwili tofauti, na hakuna aliyegundua. Sikiliza haya:

"Ruzuku ya mafuta iondolewe. Mwenye magari matatu anafaidi kuliko anayetembea kwa miguu."

"Ukiiondoa leo, nauli inapanda kesho, na bei ya chakula inafuata. Anayetembea kwa miguu ndiye atakayeumia."

Kila mmoja amesema kweli. Anayechoma mafuta mengi ndiye anayepokea ruzuku nyingi, hilo ni hesabu ya kawaida tu. Na mafuta yakipanda, gharama ya kusafirisha kila kitu inapanda nayo. Wanaweza kuendelea hivi mpaka usiku wa manane, kila mmoja akirudia ukweli wake kwa sauti kubwa zaidi, na kila mmoja akishangaa mwenzake ana ugumu gani wa kuelewa.

Njia ya kutoka ni kutafuta kigingi, pale kamba ya msimamo ilipofungwa. Swali lake ni moja: ni jambo gani ambalo, ukigundua si kweli, utabadili msimamo wako? Liulize kwa upole na uanze kujijibu mwenyewe.

"Mimi nikionyeshwa kwamba sehemu kubwa ya ruzuku inaishia kwa maskini, naacha kudai iondolewe. Na wewe, ndugu yangu, tuseme fedha zote zitakazookolewa zinaingia mikononi mwa kaya maskini kabla nauli haijapanda. Bado utapinga?"

"Hapo sitapinga. Ila hazitafika."

Hicho ndicho kigingi. Hawakuwa wakibishania uchumi. Walikuwa wakibishania kama serikali inaweza kuaminiwa kufikisha fedha. Na swali hilo ni dogo zaidi na lina pa kuanzia: je, serikali hii imewahi kugawa fedha kwa kaya maskini? Daftari la kaya hizo lipo, na lilihuishwa lini? Malipo yanatangulia kupanda kwa bei au yanafuata? Kama malipo yaliyopita yalikaguliwa, mkaguzi alikuta nini? Mtu aliyekuwa anapiga kelele kuhusu magari matatu sasa anatafuta ripoti ya ukaguzi, na mwenzake naye anaitaka ripoti hiyohiyo.

Jihadhari na kigingi bandia. "Nitabadilika nikiona ushahidi usio na shaka" si kigingi, kwa sababu ushahidi wa namna hiyo hautakuja kwenye siasa. Kigingi cha kweli ni kitu kinachoweza kuonekana, na tarehe ambayo kitaonekana. Na mtu akijibu, "Hakuna chochote kitakachonibadilisha," usimcheke. Mara nyingi amekueleza kwamba jambo hilo kwake ni la thamani, siyo la takwimu. Hapo rundo la takwimu halina kazi. Kinachofaa ni kutafuta mahali ambapo thamani yake hiyo inagongana na thamani yake nyingine, kisha umuulize angechagua ipi na kwa nini. Ukitaka akujibu kwa dhati, kubali kuulizwa swali lilelile.

Kabla ya kumjibu mtu, eleza hoja yake mpaka aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyejishughulisha sana na migogoro, aliisisitiza kanuni hii. Watu huiharibu kwa kutia sumu kwenye muhtasari: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba maskini wafe?" Ukiona muhtasari wako una neno ambalo mwenzako hawezi kulitumia kujieleza, lifute.

Kuna zana nyingine iliyopata sifa kubwa, na inafaa kuitazama kwa sababu imepanda na kushuka. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake waliripoti kwamba ukimtaka mtu aeleze sera inafanyaje kazi, hatua kwa hatua, kutoka kutungwa mpaka matokeo, anagundua haielewi kama alivyodhani, na msimamo wake unalegea. Ukimtaka ataje sababu za kuiunga mkono, halegei. Matokeo hayo yalipendwa mno. Baadaye, majaribio yaliyorudiwa kwa karibu, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuona misimamo ikilegea. Bado naitumia, ila kwa kazi ndogo zaidi. Nikiandika mnyororo wa sera kwa kalamu (nani anakusanya, nani anahifadhi, nani anatoa, anayekataa anafanywa nini), naona wapi nina pengo na nisome nini. Kutegemea kwamba mwenzangu atalegea kwa swali hilo nimeacha.

Kwa utabiri, andika asilimia. "Wakishinda hawa uchumi utaporomoka" ni kauli isiyoweza kukosea, kwa sababu haijasema lini wala kwa kiasi gani. Igeuze iwe: "Nina uhakika wa asilimia 70 kwamba mfumuko wa bei utavuka kiwango fulani kabla ya tarehe fulani, kwa takwimu za ofisi fulani." Kisha jipe alama kwa kanuni aliyoiweka Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa: chukua uhakika wako kama sehemu ya 1 (asilimia 70 ni 0.7), toa 1 kama jambo limetokea au 0 kama halikutokea, zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema 0.9 na likatokea, umepata 0.01. Ulisema 0.9 na halikutokea, 0.81. Anayesema 0.5 kila mara anapata 0.25 kila mara. Alama ndogo ndiyo nzuri, kwa hiyo ukiona wastani wako umevuka 0.25, uhakika wako unakupoteza kuliko ungesema 0.5 kila mara. Philip Tetlock alikusanya utabiri zaidi ya 82,000 kutoka kwa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, na waliofanya vibaya zaidi walikuwa wale wenye wazo moja kubwa linaloeleza kila kitu. Ndio hao wanaopendeza kusikiliza redioni, bila shaka.

Neno dogo kuhusu uvumi: tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda kwa masikio, ila kwenye siasa ni ya hatari, maana inageuza kurudiwa kwa jambo kuwa ushahidi wake. Habari iliyokufikia kutoka kwa watu sita inaweza kuwa na chanzo kimoja. Hesabu vyanzo, usihesabu midomo.

Na ukimkuta mwenzako ameshika jambo la uongo, msahihishe. Kwa miaka kadhaa watu waliogopa, kwa sababu Brendan Nyhan na Jason Reifler waliripoti mwaka 2010 kwamba kusahihisha kunaweza kumfanya mtu azidi kuamini uongo. Thomas Wood na Ethan Porter wakajaribu kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, na hali hiyo ikawa karibu haionekani kabisa. Kisha ikatokea jambo ambalo ni nadra: wakosoaji na waliokosolewa, wote wanne, wakafanya utafiti pamoja. Walikuta kwamba watu waliosahihishwa kuhusu kauli za mgombea waliupokea ukweli kwa kiasi, lakini maoni yao juu ya mgombea mwenyewe hayakutikisika. Kwa hiyo amua mapema unataka nini. Kama unataka akubali kwamba namba ile si sahihi, inawezekana kwa dakika tano. Kama unataka abadili kura kwa sababu ya namba hiyo, unapoteza jioni yako.

Hilo halina maana kwamba mitazamo haibadiliki. Mwaka 2014 jarida kubwa la sayansi lilichapisha utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni yanabadili maoni ya wapiga kura kuhusu ndoa za jinsia moja. Mwaka uliofuata David Broockman na Joshua Kalla, pamoja na Peter Aronow, walionyesha kwamba data yake haikuwa ya kweli, na utafiti ukaondolewa. Wangeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba mazungumzo ya mlangoni ni upuuzi. Broockman na Kalla waliendelea na jaribio lao wenyewe mjini Miami, kuhusu ubaguzi dhidi ya watu waliobadili jinsia. Mazungumzo yalichukua kama dakika 10. Mgeni hakutoa mhadhara, alimwomba mwenye nyumba akumbuke wakati ambao yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: chuki ilipungua, na miezi 3 baadaye ilikuwa bado imepungua. Utafiti ule wa uongo ulidai kwamba ili mabadiliko yadumu, mbisha hodi lazima awe mmoja wa wanaozungumziwa. Huu wa kweli ulikuta kwamba hata asiyehusika aliweza.